Goti Langu Limekuwa Mali ya Mtaa

Goti langu la kushoto linajulikana kuliko mimi. Nikitoka asubuhi kwenda kituoni, kabla sijaifikia lami nimeshaulizwa habari zake na watu ambao hata jina langu hawalijui. Kijana wa bodaboda anapunguza mwendo: "Mzee, leo limeamkaje?" Mama wa chapati ananihimiza nilichue kwa mafuta ya nyonyo. Juzi mtoto wa shule, sare imemzidi kimo na begi limemzidi uzito, kasimama mbele yangu akasema shikamoo. Nikamwitikia marahaba. Akaniangalia kwa makini, akauliza, "Babu, goti?" Hivyo tu. Goti. Hata "lako" hakuona haja ya kuliongeza.

Chanzo cha yote ni mama mmoja mwenye genge pale kona ya kwetu, Mwananyamala. Anauza nyanya, vitunguu, bamia, ndimu, nazi, na mchicha ambao ikifika saa nne umeshanyong'onyea. Sina ugomvi na bidhaa zake. Mafungu yake ya nyanya ni ya haki, hafichi mbovu chini. Ugomvi wangu ni mwingine kabisa: akikuuliza jambo, anasubiri jibu.

Sisi hatukulelewa hivyo. Salamu zetu zina mwendo wake. Habari za asubuhi, nzuri. Za nyumbani, nzuri. Watoto, hawajambo. Mama watoto, mzima. Kazi, tunamshukuru Mungu. Wakati huo miguu haijasimama. Watu wawili wanapishana njiani, na ikifika zamu ya kazi mmoja keshakata kona, anaitikia kwa kupaza sauti. Mtu aliyefiwa usiku wa kuamkia leo akiulizwa habari atajibu nzuri, halafu ndipo aseme isipokuwa tumepata msiba. Nzuri kwanza, msiba baadaye. Mgeni anaweza kudhani ni unafiki. Mimi naona ni ustaarabu, maana mwenye mambo yake anaachiwa aamue mwenyewe kama atayatoa nje au atayarudisha ndani. Sheikh wetu hupenda kutukumbusha sura ya An-Nisaa, aya ya 86, kwamba anayesalimiwa aitikie kwa salamu iliyo bora zaidi au walau mfano wake. Mtaa wetu ulishachagua walau, na tulikuwa tunaishi kwa amani.

Yule mama hana habari na amani hiyo. Siku moja nilisimama kununua nyanya. Akaniamkia, nikaitikia, akauliza habari za tangu jana, nikasema nzuri. Ikabaki nichukue kifuko changu niende. Akaniangalia kuanzia chini.

"Baba, mbona siku hizi unavuka mtaro kwa kutanguliza mguu wa kulia? Ulikuwa ukitanguliza wa kushoto."

Jamani! Mimi mwenyewe nilikuwa sijui natanguliza upi. Mke wangu, niliyemwoa enzi zile mabasi ya UDA bado yanabeba nusu ya Dar es Salaam, alikuwa hajui. Nikajibu kwamba ni uzee tu, mwanangu. Hapo mtu wa kawaida husema pole na kukupa chenji yako. Yeye akauliza, "Linauma ukipanda au ukishuka?"

Nataka nieleweke vizuri. Swali la kwanza halinisumbui. La kwanza ni la bure, kila mtu analo, hata mashine inalo: piga simu kwa kampuni yoyote siku hizi, utasikia sauti ya binti iliyorekodiwa ikikufurahia kuliko ndugu zako, kisha inakwambia ubonyeze moja. Balaa ni swali la pili. La pili halichukuliwi kwenye ghala la salamu, lazima litokane na jibu ulilotoa wewe, maana yake mtu huyu alikuwa anasikiliza, na sasa umekwisha. "Nzuri" haiwezi kujibu "ukipanda au ukishuka". Nikajikuta nimesimama gengeni, jua la saa nne linanipiga kisogoni, namweleza mama wa watu kwamba linauma nikishuka, hasa ngazi, na usiku linalia kama mlango usiotiwa mafuta. Wateja wengine watano wameshika sarafu zao, wanasikiliza. Mmoja akauliza upande gani.

Kesho yake nikapita kwa ule upande mwingine wa barabara. Haikusaidia. Akaniita, wala hakuanza upya. Alianzia pale pale tulipoachia: "Jana usiku lililia tena?" Hiyo ndiyo sehemu inayonitisha zaidi. Mimi nikiweka miwani mezani naisahau kabla sijakaa, na hapa kuna mtu anayekariri bei za bidhaa kumi na tano, madeni ya nusu ya mtaa, na bado ana nafasi ya kuweka sauti za goti la mtu asiyemhusu.

Nikaenda kumshitaki kwa mke wangu. Nikasema yule mama ni mbeya wa kutupwa. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, hata uso hakuinua.

"Mbeya angekuja kuniuliza mimi habari za goti lako," akasema. "Huyu kakuuliza wewe."

Sikupenda jibu hilo, na sikupenda zaidi kwamba lilikuwa sahihi. Wambea wa mtaa wetu nawafahamu, tena baadhi yao ni watu ninaoheshimiana nao. Mbeya hana shida na wewe, ana shida na habari zako, na akishazipata wewe unaweza kwenda zako. Akikutembelea macho yake yako kwenye pazia la chumbani na kwenye sufuria iliyo jikoni. Mama wa genge yeye macho yake yako kwenye goti, na akishajibiwa anabaki palepale. Ukweli ni kwamba habari zilisambaa. Lakini zilisambaa kwa namna ya ajabu: mwenye duka akanitolea kigoda, vijana wa bodaboda wakakubaliana kwamba mzee asipakizwe kwenye ile pikipiki ndefu, na fundi mmoja akaja kuweka ubao juu ya mtaro bila kutumwa. Umbeya gani unaozaa ubao?

Wakaanza kuja kuliona goti nyumbani. Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Muislamu kwa mwenzake, hilo halina mjadala, lakini aliyeweka haki hiyo bila shaka alifikiria mgonjwa mwenye sukari ya kutosha. Walikuja na machungwa. Walikunywa chai. Nikawapanga mafungu kimoyomoyo.

Wengi walikuja kulisimulia goti langu magoti yao. Hawa ni wale wanaouliza ili nao wapate mlango wa kupitia. Unasema tu "linaanza hapa kwa nje", mwenzako keshadaka: hilo lako si lolote, mjomba wake kule Kisarawe lilimvimba hili hapa, unaliona hili, hivi. Dakika ishirini za mjomba. Mwishowe nikampa pole yeye. Kuna na wale wa tiba, ambao hawajakusikia mpaka mwisho ila dawa wanayo: mafuta ya nyonyo, kitunguu saumu, maji ya bahari, supu ya pweza. Supu ya pweza niliikubali, kwa sababu zisizohusiana na goti.

Halafu akaja mzee mmoja wa msikitini, muadhini, mtu mkimya sana. Akakaa. Chai alikunywa nusu kikombe, jambo ambalo peke yake lilinifanya nimpende. Akauliza, "Sasa unaswali vipi?" Hakuna mtu mwingine aliyefikiria hilo. Nikamweleza kwamba kusujudu naweza, kuinuka ndiyo shughuli. Akatikisa kichwa, akaaga. Ijumaa iliyofuata nilikuta kiti cha plastiki mwisho wa safu ya pili. Mguu mmoja wa kiti hicho ni mfupi, kwa hiyo kila nikikaa nainamia upande mmoja, na vijana nyuma wanacheka. Nimelalamika. Nimeambiwa hicho ndicho kilichopatikana.

Basi, kwa shinikizo la umma, nikaenda hospitali. Jina lake silitaji. Foleni ilianza alfajiri, benchi limejaa, kila mtu kashika faili lake. Nilipoingia, daktari kijana aliniamkia vizuri kabisa, shikamoo mzee, kisha akaigeukia kompyuta na sikuuona tena uso wake. "Unasumbuliwa na nini?" Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa. Nina hadithi ya goti hili yenye mwanzo, mtaro, ngazi na usiku. Nikasema, "Goti, daktari, lilianza..." Akauliza, "Miaka?"

Nilikuja kusoma baadaye kwamba hata wenzetu wana tatizo hilo. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa wao, wakakuta kwamba kwa wastani mgonjwa huzungumza sekunde 18 kabla daktari hajamkatiza. Kumi na nane! Mimi nilipata tatu. Sitaki kumwonea kijana wa watu, foleni ile ingemchosha hata malaika, na vidonge alivyoandika vilifanya kazi. Ila nilitoka nimevishika mkononi nikiwa na hadithi yangu yote bado tumboni, na nilipofika gengeni nikaimwaga kwa mama wa genge. Naye ana foleni. Alikuwa anapasua nazi.

Mpwa wangu anayesoma chuo anasema haya yote yameshafanyiwa utafiti. Alikuja na simu yake, akaniambia yapo maswali 36 yanayowafanya watu wawili wasiojuana wakaribiane. Nikadhani ni mambo ya waganga, kumbe ni kweli: mwaka 1997 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha orodha hiyo, imegawanywa mafungu matatu, kila fungu linachimba zaidi ya lililotangulia. Waliwaketisha wageni wawili wawili, wakawapa dakika 45, na wengi waliinuka wakihisi wako karibu. Halafu mwaka 2015 mwandishi Mandy Len Catron akasimulia katika gazeti la New York Times jinsi yeye na mwanaume mmoja walivyoulizana maswali hayo wakaishia kupendana, na dunia nzima ikayakimbilia. Mpwa wangu anataka kuyatumia kwa binti mmoja. Mimi nilikuwa wa majaribio.

"Mjomba, ukiambiwa uchague mtu yeyote duniani uje ule naye chakula cha usiku, utamchagua nani?"

"Anapika nani?"

"Mjomba, jibu tu."

Tukaenda hivyo. Tukafika kwenye swali la lini mara ya mwisho niliimba peke yangu. Nikamwambia jana, bafuni. Naye, akiwa ameinamia simu, akasema sawa, akapandisha kidole, akasoma swali linalofuata.

Hakuuliza wimbo gani! Na nilikuwa nao tayari, wa Marijani Rajab, na nilikuwa tayari kumweleza niliucheza wapi, na nani, na kwa nini shangazi zake wasiambiwe. Maswali yote 36 mkononi, na mtoto kashindwa kuuliza la 37 lisiloandikwa. Nilimwambia akaoneshwe njia gengeni kabla hajamchosha binti wa watu. Amesema nimepitwa na wakati.

Labda. Lakini mimi ni wa wakati wa kadi za salamu, na simwombi mtu radhi. Vijana hawajui. Ulinunua kadi, ukaandika jina la unayemsalimu na alipo, ukaiposti, kisha ukakaa kando ya redio kungoja Radio Tanzania Dar es Salaam iisome. Kenya nako kulikuwa na wasalimiaji mabingwa ambao majina yao watu waliyajua kuliko ya wabunge. Nafasi ya majina ilikuwa ndogo, kwa hiyo ilikubidi ukae na kalamu ufikirie nani unamkumbuka kweli, na ukimsahau shemeji ulikuwa umejitangazia vita nchi nzima inasikia. Leo saa kumi na moja alfajiri simu inatetemeka. Nashtuka, nadhani msiba. Kumbe ni ua jekundu lenye umande, limeandikwa "Jumatatu njema", na juu yake pameonyeshwa kwamba limeshasambazwa mara nyingi. Aliyenitumia ni binamu yangu. Mtu huyu ananitumia ua kila siku iendayo kwa Mungu, na nilipompigia kumwambia nimetoka hospitali, alishangaa kwamba niliingia.

Na wanaume wa kijiweni ndio usiseme. Pale tunapokunywa kahawa na kashata tumekaa pamoja miaka mingi. Kila mmoja wetu anajua kwamba Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na yupo mmoja anayeweza kukutajia kikosi cha mechi iliyochezwa kabla hajazaliwa, pamoja na waliokaa benchi. Muulize jirani yake wa benchi ana watoto wangapi. Ataangalia mbali, aseme "wapo". Mwenzetu mmoja alihama nyumba na sisi tukaendelea kumsindikiza jioni kuelekea kule alikokuwa akikaa zamani. Kwa adabu zake hakutuambia.

Isipokuwa mtani wangu. Mimi ni Mzaramo, yeye Mnyamwezi wa Tabora, na asiyejua maana yake aelezwe kwa ufupi: karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakishuka mpaka Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, wakipita katika nchi zetu watu wa pwani, na katika kupita huko na kugombana na kupatana, ukazaliwa utani ambao mpaka leo unampa ruhusa ya kuniita mtumwa wake mbele za watu, nami nimjibu vivyo hivyo. Ruhusa yenyewe inafikia kilele msibani. Nikifa mimi, wakati wengine wanalia, yeye ndiye mwenye haki ya kuniigiza: jinsi nilivyotembea, nilivyobana senti, nilivyokuwa nikisema "kimsingi" kabla ya jambo lisilo na msingi wowote. Akitaka, anaweza hata kuingia kaburini akalala na kugoma kutoka mpaka alipwe. Waliofiwa wanacheka machozi yakiwatoka, kwa kuwa wanamwona marehemu palepale.

Kazi hiyo haifanyiki kwa kubahatisha. Kwa miaka yote hii huyu bwana amekaa upande wa pili wa benchi, ananisoma. Anajua napuliza kahawa hata ikiwa imepoa. Anajua nikidanganya napangusa shati. Siku ya kwanza ya goti, kabla hata ya mama wa genge, alikuwa ameshaliona, ila hakusema kitu. Alikuwa akilifanyia mazoezi nyumbani kwake mbele ya wajukuu. Wamenithibitishia. Sijawahi kuchunguzwa hivyo na mtu yeyote niliyemzaa au niliyemwoa, na yote hayo kwa ajili ya siku ambayo sitakuwepo kuona.

Sasa hivi anashughulikia kikohozi. Jana alinisimamisha katikati ya maneno, nikiwa ninawaeleza jambo zito kuhusu bei ya saruji, akaniomba nikohoe tena. Mwanzo wake ameupata, alisema, ila mwisho bado unamsumbua, kuna kitu nafanya na bega. Nikakohoa. Akatikisa kichwa. Hicho nimekitia madoido kwa sababu najua naangaliwa, hakifai, atasubiri kinachokuja chenyewe. Akaagiza kahawa mbili, zote kwa hesabu yangu.